Safari ya Bamba na Vipimo Ambavyo Sikuvipima

Sababu ya safari hii ni uongo niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwa mama yangu. Naieleza mapema ili msomaji asinidhanie mtu mwema aliyekwenda bara kutazama watu wanavyoishi.

Kazi yangu ni udongo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa katika kituo kidogo cha utafiti mjini Kilifi, nikitengeneza modeli, yaani hesabu ndefu ndani ya kompyuta zinazojaribu kuiga yanayotendeka chini ya nyasi. Nyasi zikifa na mizizi ikaoza, bakteria na kuvu wasioonekana kwa macho huila ile mizizi. Kaboni iliyokuwamo, nyingine hubaki udongoni, na nyingine viumbe hao huipumua ikarudi hewani, kama sisi tunavyopumua. Swali langu lilikuwa jepesi kulisema, gumu kulijibu: katika mbuga kavu zilizo nyuma ya pwani yetu, ni kiasi gani hubaki na ni kiasi gani hupotea?

Modeli haijibu mpaka ilishwe vipimo. Kwa hiyo kila baada ya majuma mawili nilikuwa nikienda kwenye uwanda mmoja mbele ya Bamba, nikididimiza udongoni makopo meupe yasiyo na vitako, nikiyafunika na kusubiri kifaa kisome hewa iliyopumuliwa. Niliendelea hivyo kiangazi chote, hadi Ramadhani ilipoingia.

Mimi ni mtoto wa Malindi, mtaa wa Shela, na mama yangu yu hai. Nilijiambia kwamba jua la Bamba na saumu havipatani, nikaenda nyumbani. Nilifunga, nikasali tarawehe, nikala futari ya mama, viazi vya nazi na kaimati, na mwezi mzima sikutia mguu Bamba. Ndani ya mwezi huo mvua ya kwanza ilinyesha huko. Nilipata habari zake nikiwa nimejilaza barazani.

Siku tatu kabla ya Idd nilikaa mezani kwa mama na kompyuta yangu. Vipimo vya kabla ya Ramadhani nilikuwa navyo. Vya baada yake nilivikisia. Katikati nikavuta mstari, na juu ya mstari huo nikapanga namba za mwezi ambao sikwenda. Halafu nikazitikisa kidogo, moja juu, moja chini, zisije zikaonekana zimepangwa. Nilikuwa nimefunga, na mama alikuwa chumba cha pili akisoma Kurani. Jambo hilo la kuzitikisa ndilo linalonikosesha raha hadi leo, kwa sababu mtu aliyesahau hatikisi kitu.

Modeli ikazila namba hizo bila kuuliza, ikanijibu kwamba uwanda ule ukipumzishwa ng'ombe kwa miaka miwili, udongo wake utaweka kaboni nyingi. Nikaandika ripoti. Nilikwenda kuisoma kijijini mbele ya kamati ya malisho, nikawaonyesha mchoro wenye nukta zangu, nikawaambia kwamba kwa ushahidi huu wataweza kuingia katika mradi wa kulipwa kwa kutunza udongo. Watu wakakubali. Wakapaka mawe chokaa kuzunguka uwanda, na hakuna mnyama aliyeingia tena.

Kisha mvua za vuli zikakosa kunyesha.

Kiangazi kilichofuata, mwenzangu wa kituoni, Neema, alinijia mezani na karatasi. Alikuwa akilinganisha vipimo vyangu na vya mbuga nyingine kavu.

"Athman, kila mahali mvua ya kwanza ikigusa udongo uliokauka, wale viumbe huamka na njaa, wakapumua kwa wingi ndani ya saa chache," alisema. "Kwako hakuna kitu. Kumetulia kabisa. Kwa nini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Nikamjibu, "Udongo wa Bamba ni tofauti."

Alifikiri kidogo, akatabasamu. "Basi hili ni jambo jipya. Nitaliandika kwenye makala yangu na nitataja jina lako."

Alipoondoka nilitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Uongo ule ulikuwa sasa unaanza kutembea kwa miguu ya watu waaminifu. Juma hilohilo nikasikia kutoka Bamba kwamba ng'ombe wa Karisa wamekufa. Karisa ni ndugu wa mwenyekiti wa kamati ya malisho, Mama Kadzo, na huyo Mama Kadzo ndiye aliyenitunzia makopo yangu siku zote nilizofanya kazi kule. Ijumaa nikaomba ruhusa ya siku mbili.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka Kilifi kwa pikipiki yangu. Gari la kituo sikulichukua, kwani safari hii haikuwa ya kituo. Upepo wa bahari ulinisindikiza mpaka minazi ilipoanza kuachana, kisha ukaniacha. Baada ya mikorosho barabara ilipanda, udongo ukageuka mwekundu, na mashamba ya mahindi yalionekana yamesimama makavu, mabua yake yakigongana. Nilikuwa nimeipita njia hii mara nyingi nikiitazama kama mtu anayesoma jedwali: hapa mchanga, hapa mfinyanzi. Siku ile niliona wanawake wenye madumu wakitembea kwenda mbali, na kila aliyeinua mkono kunisalimu nilimjibu nikitazama mbele.

Ganze nilifika jua likiwa limeshapanda. Nilisimama kwenye kibanda cha chai, nikaagiza chai ya rangi na mahamri. Mwenye kibanda alinitambua.

"Mtu wa udongo, umepotea sana," alisema. "Mnasemaje huko Kilifi, mvua iko?"

"Wanasema huenda ikawahi mwaka huu."

"Na wewe unasemaje?"

Nilimwambia sijui. Akacheka, akadhani nafanya unyenyekevu. Nikamwachia mahamri mengine sahanini.

Bamba ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Zamani nilipita hapo nikizibwa njia na ng'ombe wanaosukumana. Siku ile wanyama walikuwa wachache, mbavu zao zikihesabika, na wenye wanyama walikuwa wamechuchumaa kivulini mwa ukuta bila kuzungumza. Hakuna aliyenijua pale wala aliyenishutumu, maana ukame ule haukuletwa na mimi. Lakini nilijua kwamba mbele kidogo kulikuwa na uwanda wenye nyasi zilizosimama, kavu lakini nyingi, na kwamba mawe ya chokaa yalikuwa yakiwazuia wanyama wenye njaa kwa maneno yangu.

Saa nne na nusu niliufikia. Nilizima pikipiki, nikasimama. Nyasi zilifika magotini, rangi ya majani ya chai yaliyotumika. Upande wa pili wa mawe ardhi ilikuwa wazi kama sakafu. Nyayo za ng'ombe zilifuata mstari wa mawe mwendo mrefu, zikarudi, zikafuata tena. Walikuwa wamezinusa zile nyasi. Nilikaa hapo mpaka jua likanichoma shingo, kisha nikatembea nikiisukuma pikipiki hadi kwa Mama Kadzo, kwani niliona vibaya kufika kwa kishindo.

Mama Kadzo ni mjane wa miaka sitini hivi, Mgiriama, mwembamba, mwenye sauti ya chini inayowafanya watu wanyamaze wamsikie. Alikuwa akipepeta mbaazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Athumani, umekonda. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu." Mama alikuwa hajui kwamba nimekuja. Hata hapo nilisema uongo, mdogo, wa adabu, ukatoka bila kunishinda.

Nilimwambia kwamba nina neno. Akasema neno halisemwi na mtu aliyetoka juani, akaingia jikoni. Akanipikia sima na mboga chungu ya mchunga, na kwa kuwa nilikuwa mgeni akatoa kipande cha samaki mkavu ambacho nina hakika kilikuwa cha mwisho. Ningesema kabla ya kula, ningekuwa mtu. Nilinawa, nikala, nikamaliza.

Alipoondoa vyombo alirudi na daftari la shule lenye jalada la buluu. Nilikuwa nimemwachia kipima mvua, chupa ya plastiki yenye mistari, na kumwomba aandike kila mvua inaponyesha. Ombi hilo nililifanya kwa haraka zamani, na sikuwahi kuja kulichukua daftari.

"Nilijua siku moja utalitaka," alisema. "Sikuacha hata siku moja."

Nilifungua. Kila siku ilikuwa na mstari wake, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Siku kavu aliandika "kavu". Siku nilizokwenda aliandika "Athumani kaja". Nikafika Ramadhani. Kavu, kavu, kavu. Kisha: "Mvua ya kwanza. Mistari minane. Udongo wanuka sana. Athumani hakuja." Na siku iliyofuata: "Hakuja." Na iliyofuata.

Nikalifunga. "Mama, ile ripoti niliyowasomea ina uongo," nilisema. "Mwezi ule sikuja kupima. Namba zake nilizitunga."

Aliokota mbaazi moja iliyoanguka mkekani, akairudisha kwenye ungo.

"Ule mchoro uliotuonyesha nikautazama," alisema. "Nikaona kuna nukta kwenye mwezi ambao hukuja. Nikajiuliza, hii imetoka wapi? Nikajiambia labda siku hizi mna mashine, mnapima mkiwa kulekule Kilifi. Nikaona haya kuuliza, nisije nikaonekana mjinga mbele ya kamati."

Nimewahi kutukanwa maishani mwangu, na nimewahi kufukuzwa kazi. Hakuna lililoniumiza kama kusikia kwamba mwanamke huyu aliiona kasoro yangu, akaitafutia udhuru, na haya iliyokuwa yangu akaibeba yeye.

"Je, tungeacha ng'ombe waingie, udongo ungeharibika?" aliuliza.

"Huenda. Huenda usingeharibika. Faida niliyowaambia ni kubwa kuliko ya kweli, hilo nalijua, kwa sababu mvua ya kwanza hutoa kaboni nyingi kwa mpigo, na mimi niliificha siku hiyo. Ni kubwa kwa kiasi gani, sijui."

"Hiyo sijui ungetuletea mwanzo," alisema. "Sijui tunaifahamu. Tungekaa tukashauriana nayo."

Kisha akanieleza habari za Karisa. Ukame ulipozidi, ndugu yake alimwendea usiku na mchana akimwomba afungue upande mmoja tu wa uwanda. Yeye akakataa, kwa kuwa ni mwenyekiti, na kama angemfungulia ndugu yake, nani angemheshimu? Ng'ombe saba wa Karisa wakafa, mmoja baada ya mwingine. Tangu hapo Karisa hapiti uani kwake.

"Mino nilisimama na karatasi yako," alisema, na lile neno la kwao la "mimi" lilimtoka pale sauti yake ilipotaka kukatika. "Mbele ya ndugu yangu."

Alasiri aliita kamati. Tulikutana katika darasa la chekechea, watu wazima tumekunja magoti kwenye viti vidogo. Nilisimama nikasema yote, pamoja na habari ya kuzitikisa namba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Waliniuliza maswali tu, moja moja, na maswali yalikuwa mabaya zaidi. Mwezi ule ulikuwa mgonjwa? Hapana. Pikipiki ilikuwa imeharibika? Hapana. Ulizuiliwa na wakubwa wako? Hapana. Niliona wanautafuta mlango wa kunitoa, na kila mlango niliufunga mwenyewe kwa kuwa haukuwa wa kweli.

Walizungumza kwa Kigiriama muda mrefu, kisha Mama Kadzo akaniambia uamuzi. Uwanda ufunguliwe kesho, nusu yake, kwa zamu. Nusu ya pili ibaki imefungwa, si kwa ripoti yangu, bali kwa sababu wao wenyewe wanaona nyasi zimerudi na wanataka kujua zitaishia wapi. Nami nikamwambie Karisa kwa mdomo wangu, kwake.

Jumapili asubuhi tulikwenda. Mama Kadzo alinifikisha penye njia ya kuingilia uani, akasimama hapo, hakupiga hatua zaidi. Karisa alikuwa akishona kiatu. Ni mzee mpana wa mabega, na nyuma yake zizi lilikuwa tupu, kinyesi kimekauka na kupasuka, mlango wa miti umeachwa wazi kwa kuwa hapakuwa na wa kutoka. Nilimwamkia, nikakaa chini bila kungoja kukaribishwa kwenye kiti, nikamwambia.

Alinisikiliza mpaka mwisho, sindano mkononi.

"Dada yangu alijua?"

"Hakujua. Nilimdanganya kama nilivyokudanganya wewe. Anasema alisimama na karatasi yangu mbele yako, na inamuuma."

Alitazama njiani, kule aliposimama dada yake. "Mwambie aingie asisimame juani," alisema. Halafu akanigeukia. "Wewe maji utapewa, maana umetoka mbali. Kuku sitakuchinjia."

Nilikunywa maji. Mama Kadzo aliingia uani, akakaa upande wa pili wa ndugu yake. Binti wa nyumba alileta kata ya pili, akampa shangazi yake. Niliona kwamba hapo mimi si wa kukaa, nikaaga. Karisa aliitikia kwa kichwa bila kunitazama, na njia nzima ya kurudi kwenye pikipiki sikusikia sauti zao nyuma yangu, wala za ugomvi wala za suluhu.

Saa sita nilianza kurudi. Nilipita kando ya uwanda. Mawe ya upande mmoja yalikuwa yameshaondolewa, na mbuzi walikuwa ndani vichwa vimeinama. Sikusimama. Kuna furaha ambayo mtu hana haki ya kuitazama.

Jumatatu niliingia kwa Neema kabla ya kuingia kwa mkuu wetu, kwani yeye ndiye niliyemwambia udongo wa Bamba ni tofauti. Alinisikiliza akiwa amesimama. Makala yake ilikuwa imeshatumwa. Akakaa, akaandika barua ya kuomba irudishwe isichapishwe, nami nikiwa hapohapo, akaisoma tena mara mbili, akaituma. Kisha akasema, "Nakuomba uniache kidogo." Mkuu alinisikiliza naye, akaiondoa ripoti yangu, akaniondoa kwenye uongozi wa kazi ile na kumkabidhi Neema. Mradi uliotaka kuingia kijijini uliambiwa ukweli, ukasimama. Sikufukuzwa. Nilitamani kidogo kufukuzwa, ingekuwa rahisi.

Nilimwambia mama yangu pia, Malindi. Alisema, "Na mimi nilikuwa nikikupikia futari."

Nilichojifunza si kingi. Nilizoea kufikiri kwamba namba ya uongo ni jambo la karatasi, kwamba itapotea kati ya namba elfu za kweli kama punje ya mchanga. Sikufikiri kwamba mtu ataiegemea. Kompyuta haina haya, inapokea chochote unachoilisha na kukurudishia kikiwa na sura ya elimu. Haya ni ya mtu, na yangu niliiweka kando mwezi mmoja, kwa sababu ya uvivu tu. Na kusema kweli baadaye kumenipunguzia mimi uzito; hakukumpa Karisa hata ndama.

Masika yalipoanza tulikuwa Bamba, Neema na mimi, tangu siku mbili kabla. Nilikwenda kama mbeba makopo. Mvua ya kwanza ilipiga alasiri, matone makubwa, vumbi likaruka, na harufu ikapanda ile ambayo kila mtu huipenda bila kujua kwamba ni kazi ya viumbe wale wanaoamka. Tulipofunika makopo kifaa kilianza kupandisha namba, kikapandisha, hadi Neema akakigonga kwa kidole akidhani kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika. Alinisomea namba, nami nikaziandika kwenye karatasi ya vipimo, chini ya mwavuli.

Baada ya kila namba aliinama akatazama nilichoandika. Hufanya hivyo mpaka leo, na mimi nimezoea kumgeuzia karatasi kabla hajainama.